Msaada: mshale wa kulia kwenye Vim unagonga ukuta mwisho wa mstari

#1 Tindo_Kali

Wakuu, habari za jioni.

Nimekwama kwenye jambo ambalo ukilitazama ni la kitoto, ila limenila siku mbili. Miaka yote mimi ni mtu wa Notepad++. Mwezi huu nimekabidhiwa seva ya duka moja la jumla. Haina madirisha wala panya, ni terminali tupu, na humo ndani cha kuhariria mafaili ni Vim. Kuingia nimeshajua, kutoka pia nimeshajua (msicheke).

Sasa nina faili la bei:

```
bei_sukari = 3200
bei_unga = 1800
bei_mchele = 2900
```

Kasa (kile kialama kinachoonyesha upo wapi kwenye faili) ikiwa juu ya sifuri ya mwisho ya 3200, nabonyeza mshale wa kulia. Haiendi. Inakaa palepale na terminali inalia "tii". Notepad++ ingeshuka yenyewe hadi kwenye b ya bei_unga. Nikiwa mwanzo wa mstari nikarudi kushoto, ukuta. Nikishabonyeza i nikawa naandika, ukuta ni uleule.

Ni seva ina ugonjwa au ni mimi? Kuna setingi mahali?

#2 Mkwezi

Nimeingia mbio nikidhani kuna kasa amekwama ufukweni huku kwetu Pemba. Kumbe kasa wa kompyuta. Haya, nakaa pembeni nisubiri wataalamu.

#3 fundi_wa_usiku

Mkuu Tindo, seva yako nzima na wewe mzima. Vim imezaliwa hivyo. Mtu akikwambia "mshale haufanyi kazi" usimsikilize, unafanya kazi vizuri sana ila hauna kibali cha kuvuka mpaka wa mstari.

Setingi inaitwa whichwrap, kwa kifupi ww. Ndani yake mna orodha ya vitufe vyenye kibali, na kila kitufe kina alama yake. Ukiwa hali ya kawaida (yaani hujabonyeza i, vitufe ni amri) andika:

```
:set whichwrap?
```

Itakujibu `whichwrap=b,s`. Hiyo b ni Backspace na s ni kitufe cha nafasi. Maana yake vitufe viwili vina kibali tayari bila wewe kugusa kitu. Jaribu sasa hivi: simama juu ya sifuri ya mwisho ya 3200, hali ya kawaida, bonyeza kitufe cha nafasi. Umeona? Umetua kwenye b ya bei_unga. Bonyeza Backspace, umerudi juu. Watu wanatumia Vim miaka kumi hawajui hili.

Mishale yako sasa. Ongeza:

```
:set whichwrap+=<,>,[,]
```

`<` na `>` ni mshale wa kushoto na wa kulia ukiwa hali ya kawaida au ya kuchagua. `[` na `]` ni mishale hiyohiyo ukiwa unaandika. Ni jozi mbili kwa sababu Vim inahesabu hali hizo kama nchi mbili tofauti, kibali cha huku hakitambuliki kule. Wengi wanaweka `<,>` peke yake halafu wanarudi hapa kulia kwamba wakibonyeza i mshale unagoma.

Usisahau alama ya kujumlisha. Ukiandika `=` bila `+` umefuta b na s, na kitufe cha nafasi nacho kitaanza kugonga ukuta.

#4 Tindo_Kali

Mkuu fundi, ubarikiwe. Imekubali!

Nimegundua kitu kidogo, sijui ni sawa. Hali ya kawaida, kutoka kwenye sifuri ya mwisho bonyezo moja tu niko mstari wa chini. Ila nikiwa naandika, bonyezo la kwanza linaniweka nyuma ya sifuri, nje kabisa ya neno, la pili ndiyo linanishusha.

#5 fundi_wa_usiku

Ni sawa kabisa. Hali ya kawaida kasa inakaa *juu* ya herufi, na baada ya herufi ya mwisho hakuna kitu cha kukalia. Ukiwa unaandika inakaa *katikati* ya herufi na herufi, kwa hiyo nyuma ya sifuri kuna kituo kimoja zaidi. Usipokuwa na kituo hicho utaongezaje neno mwisho wa mstari?

Sasa iweke kwenye faili la .vimrc, lile Vim inalolisoma kila ikiwaka, vinginevyo ukifunga Vim imepotea.

#6 Tindo_Kali

Wakuu nimerudi tena, na safari hii nimeharibu.

Nimetengeneza ~/.vimrc, halikuwepo kabla. Nimeweka mstari mmoja tu:

```
set whichwrap+=<,>,[,]
```

Mishale inavuka vizuri. Lakini rangi zote za kodi zimetoweka, na nikiwa naandika Backspace haiunganishi mistari tena. Nikifika mwanzo wa mstari nikaifinya, kimya. Jana ilikuwa inafanya kazi! Mstari mmoja tu umeua vitu viwili?

#7 Mama_Seva

Tindo kaka yangu, pole. Hilo shimo tumelitumbukia wengi, na fundi angekuonya mapema (fundi, nakuangalia).

Mstari wako hauna kosa. Kosa ni *kuwepo* kwa faili lenyewe. Tangu toleo la 8.0, mwaka 2016, Vim ikimkuta mtumiaji hana .vimrc inajisomea yenyewe faili linaitwa defaults.vim. Humo ndimo zilimokuwa rangi zako na ile ruhusa ya Backspace. Ulipotengeneza .vimrc, hata lingekuwa na mstari mmoja, Vim ikasema huyu sasa ana mambo yake, nisimwingilie, ikaacha kusoma defaults.vim.

Dawa ni kuliita mwenyewe, na liwe juu kabisa:

```
source $VIMRUNTIME/defaults.vim
set whichwrap+=<,>,[,]
```

Baadhi ya mifumo ina mafaili yake ya jumla yanayoficha shida hii, ndiyo maana kwenye laptopu ya mwenzako huenda usiione.

Na jambo la pili, maana naona utachanganya. Backspace ina setingi *mbili* zisizojuana. Ile b ya whichwrap ni Backspace ya hali ya kawaida, inayotembea tu bila kufuta chochote. Backspace ya kufuta ukiwa unaandika inatawaliwa na setingi nyingine, inaitwa backspace:

```
set backspace=indent,eol,start
```

Hiyo eol ndiyo inayokuruhusu kufuta mpaka uunganishe mstari na ule wa juu. defaults.vim inakuwekea, kwa hiyo huna haja ya kuirudia. Walio kwenye Neovim (mdogo wake Vim) tayari wanayo bila kuandika kitu.

#8 Tindo_Kali

Rangi zimerudi. Backspace imerudi. Mama Seva, chai juu yangu.

#9 kijana_wa_Emacs

Haya yote kwa ajili ya mshale? Kwenye Emacs ukifika mwisho wa mstari unavuka, ukifika mwisho wa faili unaambiwa umefika mwisho. Kwaheri.

#10 Mkwezi

@kijana_wa_Emacs na bado umekuja kusoma uzi wa Vim saa saba usiku.

#11 Otieno_Kisumu

Wadau hamjambo. Mimi nimefanya yote mliyosema lakini yangu bado. Ninaandika makala ndefu, aya moja ni mstari mmoja mrefu, kwenye skrini unakunjwa mara nne au tano. Nikibonyeza mshale wa chini inaruka aya nzima! Nataka ishuke mstari mmoja wa skrini. Nimeweka ww zote, hakuna kilichobadilika.

#12 Mama_Seva

Otieno, yako ni kesi nyingine kabisa, majina ndiyo yanadanganya. Kuna `wrap`, ambayo ni kukunja mstari mrefu uonekane wote, na kuna `whichwrap`, ambayo ni kibali cha kuvuka. Zimefanana jina tu.

Kwa Vim, aya yako hata ikikunjwa mara tano bado ni mstari *mmoja*. Ukisema shuka, inashuka mstari mmoja wa kweli. Kushuka kwa mistari ya machoni ni gj, kupanda ni gk. Yajaribu kwa mkono kwanza, ukiyapenda weka:

```
nnoremap <Down> gj
nnoremap <Up> gk
nnoremap <expr> j v:count ? 'j' : 'gj'
nnoremap <expr> k v:count ? 'k' : 'gk'
```

Hizo mbili za mwisho zina hila: ukibonyeza j tupu unashuka kwa macho, ukiandika 5j unashuka mistari mitano ya kweli. Bila hila hiyo ukihesabu kwa namba za pembeni utatua kusiko.

Kwa hali ya kuandika:

```
inoremap <Down> <C-o>gj
inoremap <Up> <C-o>gk
```

Ila hizi mbili mimi mwenyewe nilizitoa. Orodha ya maneno ya kumalizia ikijitokeza, mishale haipandi wala kushuka ndani yake tena. Jaribu uone kama utavumilia. Ongeza na `set linebreak` ili maneno yasikatwe katikati pembeni ya skrini.

#13 Otieno_Kisumu

Asante sana dada. Hiyo ya gj ni moto!

#14 jirani_wa_Kampala

Mimi ni wa huku Uganda, Kiswahili changu mnisamehe. Kwenye seva moja nikiandika `vi` halafu i, mishale inaandika herufi. Juu inaandika A, chini B, kulia C, kushoto D. Si kugonga ukuta, inaandika kabisa kwenye faili! Seva nyingine haina shida.

#15 fundi_wa_usiku

Karibu jirani, Kiswahili chako kizuri kuliko cha wengine humu.

Hapo vi unayoifungua ni Vim ndogo iliyokonda, na inajifanya vi ya zamani, babu yake Vim. Kibodi ikibonyeza mshale wa juu, terminali inatuma alama kadhaa zinazoanza na Esc na kuishia na A. Chini inaishia na B, kulia C, kushoto D. Ile vi ya kujifanya inaona Esc, inadhani umemaliza kuandika, halafu mabaki yake ndiyo unayoyakuta kwenye faili.

Tiba ya haraka ni `:set nocompatible`. Tiba ya kudumu ni kusakinisha Vim kamili.

Na kwa kuwa umetoka Uganda: fungua `vim` bila kutaja faili, soma skrini ya mwanzo. Halafu andika `:help uganda`. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitengeneza Vim na kuitoa mara ya kwanza mwaka 1991, alijitolea kwenye kituo cha watoto cha Kibaale kusini mwa nchi yenu, na ndiyo maana programu ni bure ila aliomba uwakumbuke watoto wa huko. Alifariki tarehe 3 Agosti 2023. Toleo la 9.1 la Januari 2024 lilitolewa kwa heshima yake.

#16 jirani_wa_Kampala

Nilikuwa naona hiyo skrini kila siku nikidhani ni tangazo. Kibaale! Asante mkuu, na mishale imetulia.

#17 Kichwa_Ngumu

Nyie mnaongelea mishale kama watoto. Mtumiaji wa kweli anatembea kwa h, j, k, l (kushoto, chini, juu, kulia). Mimi nimeweka hivi na naishi kwa raha:

```
set whichwrap=b,s,h,l,<,>,[,]
```

Kila kitu kinavuka. Kwa nini mnamfundisha Tindo nusu nusu?

#18 mzee_wa_vi

Kichwa, ngoja nikupe kisa changu, ukikimaliza uamue mwenyewe.

Miaka kadhaa nyuma nilinakili .vimrc ya mtu mtandaoni, ndefu kama treni ya mizigo, sikuisoma. Ilikuwa na h na l kama yako. Siku moja nina orodha ya bei, mistari mia mbili na ushee, na mstari wa juu kabisa umeandikwa ORODHA YA BEI. Nikataka herufi za kichwa hicho tu zitengane, kila moja na nafasi yake. Nikarekodi makro (mfululizo wa vitufe unaochezwa tena) inayojiita yenyewe: a, nafasi, Esc, l, kisha @a. Naweka nafasi, nasogea kulia, narudia.

Kwenye Vim isiyoguswa makro hiyo inajizima yenyewe. l ikifika mwisho wa mstari inashindwa, Vim inalia, na makro inakatika palepale. Kule kushindwa ndiyo breki, na watu wanaitegemea.

Yangu haikuwa na breki. l ilivuka, ikaingia mstari wa pili, ikavuka, wa tatu... Nilipoinua macho, `b e i _ s u k a r i   =   3 2 0 0` mpaka chini kabisa ya faili. Bahati nilikuwa sijahifadhi, `:e!` ikaniokoa.

Na si makro tu. Chukua faili la Tindo. Simama juu ya 1 ya 1800 uandike 10x, yaani futa herufi kumi. Vim ya kawaida inafuta 1800, inaishia hapo, hata kama umesema kumi. Sasa weka l kwenye ww, kwa sababu x ni dl kwa jina lingine (d ni futa, l ni kulia), urudie. Zinafutwa herufi nne, mwisho wa mstari unahesabiwa kama herufi ya tano, halafu inakula tano za mstari wa chini. Unabaki na:

```
bei_unga = chele = 2900
```

Hebu duka lisome bei ya "chele". Hata ndani ya `:help whichwrap` penyewe, pembeni ya h na l wameandika kwamba haishauriwi. Kuna makro na plagini (programu za nyongeza) zitakazovunjika.

Msimamo wangu ni kwamba mishale ivuke, maana mtu anaifinya kwa jicho, anaona inakokwenda. h na l usiziguse. Hizo kazi yake si kutembea tu, zinaingia ndani ya amri nyingine.

#19 Kichwa_Ngumu

Shikamoo mzee. Nimejaribu hiyo 10x sasa hivi kwenye faili la majaribio. Nimeziondoa h na l kimyakimya.

#20 Neema_Kodi

Mzee, swali. Kwa nini tangu mwanzo waliifanya isivuke? Uvivu au kuna sababu?

#21 mzee_wa_vi

Binti, Bill Joy aliiandika vi mwaka 1976 akiwa Berkeley, California. Terminali aliyokuwa nayo ni ADM-3A. Kibodi ya mashine ile *haikuwa na vitufe vya mishale*. Mishale ilichorwa juu ya herufi H, J, K na L, ndiyo asili ya mchezo wote huu. Na Esc ilikaa pale ilipo Tab leo, kwa hiyo haikuwa safari ya kidole kama sasa.

Halafu vi ni sura tu ya programu nyingine chini yake, ex, na ex ni mhariri wa mistari. Kwake mstari ndiyo kitu chenyewe. Unaomba mstari wa 12, unafuta wa 3 hadi wa 9. Herufi zipo *ndani* ya mstari, na l ni safari ya humo ndani. Kwenda mstari mwingine kuna j. Mtu wa Notepad anaona faili kama utepe mmoja wa herufi, mwisho wa mstari ni herufi mojawapo tu. Sisi tuliozoea tunaona daftari lenye mistari.

Siyo kwamba kila mhariri wa namna hii uko hivyo. Helix nao una h na l, na unavuka bila kuulizwa.

#22 Neema_Kodi

Nimeelewa. Mimi niko Neovim, nimeweka kifurushi kimoja kilichokwisha kutayarishwa, na h na l zinavuka ingawa sijaandika popote. Nazizimaje?

#23 Mama_Seva

Kwanza umkamate aliyeweka:

```
:verbose set whichwrap?
```

Itakupa thamani na ilikowekwa mara ya mwisho. Ikisema tu ni Lua (lugha ya setingi za Neovim) bila kutaja faili, anzisha upya kwa `nvim -V1` uulize tena. Vifurushi vya namna hiyo hupenda kukugawia h na l bila kukuuliza.

Kisha kwenye faili lako linalosomwa mwisho, andika orodha nzima upya badala ya kuchomoa herufi mojamoja:

```
vim.o.whichwrap = "b,s,<,>,[,]"
```

Walio kwenye VS Code na plagini ya VSCodeVim, setingi yenu ni `vim.whichwrap`, alama ni zilezile.

#24 Neema_Kodi

Nimemkamata. Alikuwa kwenye kifurushi kama ulivyosema. Asante Mama.

#25 Tindo_Kali

Wakuu asanteni wote, .vimrc yangu ni mistari miwili na sitaongeza mwingine bila kuja hapa. Ila swali la mwisho, msinichoke. Nimefika bei_mchele, sifuri ya mwisho ya 2900, nabonyeza mshale wa kulia. Ukuta! "Tii"! Na ww iko sawa, nimeikagua.

#26 Mkwezi

Tindo, hapo faili limeisha. Unataka kasa aende wapi, Zanzibar?